Adabu ya Maandamano

Katika jamhuri ambayo raia huchagua watawala wake Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano, kama ilivyo Kenya kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, kuna kati ya kura moja na kura ifuatayo muda mrefu ambao mtu wa kawaida hana sanduku la kutilia karatasi yake, na katika muda huo huo sheria hutungwa, kodi hupandishwa, ardhi hugawiwa, viwanda hupewa leseni, na vijana hutiwa korokoroni. Mwenye mali hapati taabu ya kusema na wakubwa siku yoyote aitakayo, kwani ana nambari ya simu ya waziri, ana wakili wa kumwandikia, na aghalabu amekwisha kukaribishwa barazani kabla ya jambo kutangazwa kwa umma. Bali muuza mahamri, hamali wa bandarini, mwanafunzi, na mama anayelea wanawe katika chumba cha kupanga hawana cha kuwafikisha kwenye mlango ule ila wingi wao na sauti zao. Kwa ajili ya watu kama hawa, kifungu cha 37 cha Katiba hiyo kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana, kusimama na bango mbele ya mahali pa kazi, na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka, kwa masharti mawili tu, kwamba awe na amani na asichukue silaha.

Nakusudia katika makala haya kuwapa nasaha wale wanaotaka kuitumia haki hiyo, hasa vijana wa mwambao na wa bara ambao wameiona ikitumiwa vizuri na wameiona ikiharibika, na neno langu kubwa kwao ni kwamba nguvu ya maandamano ya amani imo katika matayarisho yake zaidi kuliko katika kelele zake. Ghadhabu huwatoa watu majumbani, nayo haina lawama pale ambapo dhuluma ni ya kweli. Walakini ghadhabu peke yake haijui njia ya kupita, haijui ombi la kuomba, wala haijui saa ya kurudi nyumbani, na mtawala asiyetaka kusikia hungoja upungufu huo huo ili aligeuze jambo la haki kuwa jambo la fujo.

Tuanze Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru upande wa Mikindani, ambako mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi wake uliingia madirishani, maji yake machafu yakapita uani, na watoto wakaanza kuugua maradhi ambayo wazazi wao hawakuyajua jina. Phyllis Omido, ambaye aliajiriwa na kiwanda hicho hicho, aligundua ya kuwa mwanawe mchanga ana sumu ya risasi katika damu yake. Akaacha kazi, akahimiza watoto wengine wa mtaa wapimwe, akayachukua majibu ya vipimo akayapeleka katika ofisi za serikali moja baada ya nyingine, akaandika barua na kuandika tena. Barua zilipokosa majibu, mwaka 2012 yeye na majirani zake waliandamana kwa amani, polisi wakamkamata, akashtakiwa kwa uchochezi, na mashtaka hayo yakaanguka mahakamani. Mwaka 2014 kiwanda kilifungwa. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa ikaamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufani zilizopanda na kushuka, Mahakama ya Juu ikawapa wakazi hao ushindi mwezi wa Desemba mwaka 2024.

Mwenye kutafakari ataona katika habari hii utaratibu wa mambo ulivyokuwa, maana vipimo vya damu vilitangulia, barua zikafuata, miguu ikaja baada ya barua kupuuzwa, na mahakama ikapata kitu cha kushika kwa sababu kila hatua ilikuwa na karatasi yake. Kwa hiyo nawashauri wasomaji wangu kwamba kabla hamjachora bango hata moja, mkusanye ithibati. Nunueni daftari gumu la jalada jeusi, mwandike humo tarehe, mahali, jambo lililotokea, na jina la aliyeliona kwa macho yake. Bandikeni ndani yake nakala za kadi za hospitali ikiwa jambo ni maradhi, nakala za risiti ikiwa jambo ni ushuru, picha za ukuta uliobomolewa ikiwa jambo ni nyumba. Halafu andikeni barua kwa afisa anayehusika, mmpe muda wa haki wa kujibu, na mhifadhi nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Mtu atakayekuulizeni baadaye kwa nini hamkufuata njia ya ofisi kwanza, mtamwekea barua zile mbele yake bila ya kupandisha sauti, na watazamaji ambao hawakuwa na upande wataanza kuwa na upande.

Baada ya ithibati huja ombi, na hapa ndipo maandamano mengi ya siku hizi yanapopotea, kwa kuwa watu hutoka na madai tisa katika karatasi moja, la kwanza bei ya unga na la mwisho kujiuzulu kwa baraza zima la mawaziri, hata afisa aliyetumwa kuwapokea hana dai moja ambalo yeye mwenyewe anaweza kulitimiza, na hilo humpa udhuru wa kuyaacha yote. Mfano bora wa ombi moja nchini Kenya waliutoa kina mama wazee, wengi wao watu wa mashamba, ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa sababu za siasa. Tarehe 28 Februari mwaka 1992 walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali jijini Nairobi, wakiwa pamoja na mwanaharakati Wangari Maathai, kutaka wana wao waachiwe, kisha wakaenda Bustani ya Uhuru, wakakaa chini, wakafunga kula, wakasema watawangoja wana wao hapo hapo. Watu wa mji wakaanza kuwajia; waliowahi kuteswa vizuizini wakasimama mbele ya umati na kusimulia hadharani mambo ambayo kabla ya siku zile yalinong'onwa vyumbani. Tarehe 3 Machi polisi wakawavamia kwa virungu na vitoza machozi, Maathai akapigwa hata akazimia, na baadhi ya wale wazee wakavua nguo zao mbele ya askari, laana ambayo kijana yeyote aliyelelewa katika mila za nchi ile aliifahamu bila ya kufasiriwa.

Walitawanywa na kurudishwa makwao kwa nguvu, nao wakarudi tena Nairobi na kupata hifadhi katika Kanisa Kuu la All Saints, ng'ambo ya barabara kutoka bustanini, wakakaa humo takriban mwaka mzima, wakilala chini, wakipokea wageni, wakilirudia ombi lao kwa kila aliyeuliza. Mwanzoni mwa mwaka 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakiombewa walikuwa wameachiwa, na pembe ile ya bustani ikapata jina la Freedom Corner ambalo halijafutika. Kila askari aliyetumwa kuwapiga angeweza kulikariri ombi la wazee wale, kwa sababu lilikuwa moja na lilikuwa fupi: wana wetu wafunguliwe. Nami sijui katika historia ya nchi hii silaha iliyomshinda mtawala mwenye jeshi kwa upole kuliko matandiko ya kina mama hao yaliyotandikwa sakafuni mwa kanisa.

Kwa hiyo liandikeni ombi lenu katika sentensi moja ambayo afisa mwenye cheo cha kuijibu anaweza kuijibu kwa ndiyo au la, na mbele ya sentensi hiyo mwandike cheo chake na siku mnayotaka jibu. Ikiwa mna malalamiko saba, chagueni lile ambalo mkipata jibu lake sita yaliyobaki yatakuwa mepesi, na yaliyobaki yahifadhini katika daftari kwa siku yake. Chagueni pia mapema, mbele ya watu wote na si katika chumba cha watu watatu, wajumbe watakaoingia ofisini kusema kwa niaba ya wengine. Jambo hili si dogo. Mwezi wa Machi mwaka 1922, mkoloni alipomkamata Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika aliyempinga, na watu kukusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, baadhi ya viongozi waliingia kusema na wakubwa wa serikali, na walipotoka wakawaambia watu watawanyike. Umati ukawashuku kwamba wamenunuliwa, Mary Muthoni Nyanjiru na wanawake wenzake wakapaza sauti za kuwatahayariza wanaume waliotaka kuondoka, watu wakasonga mbele, na askari wakafyatua risasi, wakawaua watu zaidi ya ishirini kwa hesabu ya serikali yenyewe, naye Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Damu ile iko juu ya waliofyatua, wala hakuna hoja ya kuwaondolea; lakini mpangaji wa leo hana budi kuona jinsi wajumbe wasioaminiwa wanavyoweza kuuacha umati bila ya uongozi katika dakika ambayo uongozi unahitajiwa kuliko wakati wowote. Wajumbe wakitoka ofisini na wasimame mahali pa juu, waseme neno kwa neno waliyoambiwa, hata yakiwa machungu, na waulizwe maswali hadharani.

Sasa nije kwenye taarifa ya polisi, ambayo wengi huiogopa na wengine huidharau, na pande zote mbili zinakosea. Sheria ya Utulivu wa Umma ya Kenya, sura ya 56, inataka mwenye kuitisha maandamano apeleke taarifa ya maandishi kwa mkuu wa kituo cha polisi si chini ya siku 3 wala si zaidi ya siku 14 kabla, aeleze jina lake kamili na anwani yake, siku na mahali, na njia itakayopitwa, na maandamano yafanyike kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hii ni taarifa, si maombi ya ruhusa, na kifungu chenyewe kinampa mkuu wa kituo nafasi ya kukataa pale ambapo watu wengine wamekwisha kutangulia kutoa taarifa ya mahali pale pale kwa saa ile ile. Wasomaji wa Tanzania Bara wana kanuni yao, ambayo inataka taarifa ifike kwa afisa wa polisi msimamizi wa eneo si chini ya saa 48 kabla. Na mpangaji mwenye hadhari huisoma kanuni ya nchi yake kwa macho yake mwenyewe, bila ya kuisikia kwa jirani.

Nendeni kituoni watu wawili au watatu, mchana, mkiwa mmevaa kama mnaokwenda kwenye shughuli ya heshima, na mchukue nakala mbili. Moja iacheni, na ya pili ipigwe muhuri wa kituo, iandikwe tarehe na saa na jina la askari aliyeipokea. Askari akisita kupiga muhuri, mwombeni kwa upole aliandike jambo lenu katika kitabu cha matukio na awape nambari ya OB. Akilikataa hilo nalo, pigeni picha ya taarifa mkiwa nje ya lango la kituo, muitume siku ile ile kwa wakili na kwa barua pepe ya ofisi, na mwandike katika daftari mliyojibiwa. Karatasi hiyo ndogo yenye wino wa zambarau imewatoa watu wengi rumande, kwa kuwa hakimu akiulizwa kama mkutano ulikuwa wa siri na wa hila, huiona imelala mbele yake ikiwa na muhuri wa wale wale wanaoshtaki.

Ama njia ya kupita, ichagueni kwa kuitembea kwanza kwa miguu. Watu wa Mombasa wanaotaka kutoka Mwembe Tayari kufika Treasury Square, kwa mfano, hufuata Digo Road kisha Nkrumah Road, na mtu aliyeitembea njia hiyo asubuhi ya siku ya kazi anajua mahali ambapo matatu hujazana, mahali ambapo wauza matunda huweka matoroli yao, na mahali ambapo barabara hubana hata safu ya watu sita haipiti ila kwa kusukumana. Epukeni mlango wa hospitali, epukeni shule saa za kufungua na kufunga, na siku mbili kabla mpite kwa wenye maduka ya njiani mkawaambie saa mtakayopita na muda mtakaochukua. Muuza leso wa Biashara Street ambaye ameambiwa kwa heshima atafunga mlango wake nusu saa na kuufungua tena, na pengine atatoa ndoo ya maji. Asiyeambiwa ataona watu wakija mbio, atapata hasara ya siku nzima, na jioni atakuwa shahidi wa serikali dhidi yenu kwa haki yake. Wako wanaosema kwamba maandamano lazima yaume ili yasikike, nami nakubali kwamba yanatakiwa kumuuma mwenye mamlaka. Kumuuma mchuuzi ambaye naye amechoshwa na kodi ile ile ni kumtafutia mwenye mamlaka marafiki.

Wanaojua Maulidi ya Lamu wamekwisha kuona jinsi halaiki ya watu inavyoweza kupita katika vichochoro vyembamba bila ya mtoto kukanyagwa, kwa kuwa katika zefe wako wanaotangulia na matwari na bendera, wako wanaoshika pembeni, wako wazee wanaojua mahali pa kusimama, na kila aliyemo anajua safari itaishia wapi. Maandamano nayo yahitaji tartibu hiyo hiyo. Kwa kila watu hamsini wekeni msimamizi mmoja, mwanamume au mwanamke mwenye stahamala, aliyefunga mkononi kitambaa cha rangi moja na wenzake, mwenye filimbi shingoni, anayewajua kwa sura watu wa safu yake. Kazi yake ni kuwafanya watu waende kwa hatua moja, kumwondoa pembeni aliyezidiwa na jua, kuokota jiwe na kulitia katika mfuko kabla mkono mwingine haujaliokota, na kukaa baina ya askari na kijana ambaye damu imempanda. Wasimamizi na wakutane mara kadhaa kabla ya siku yenyewe, wafanye mazoezi: mmoja ajifanye askari anayetukana, mwingine ajifanye mchochezi anayepiga kelele za kuvamia, na wote wajizoeze kukaa chini kwa ishara moja ya filimbi. Vijana wa Nashville huko Marekani walifanya mazoezi ya namna hii chini ya mwalimu wao James Lawson kabla hawajakaa katika mikahawa iliyowakataa watu weusi mwaka 1960, wakazoezwa kutukanwa na kusukumwa bila ya kurudisha, na siku ya siku ilipofika hawakuwa wageni wa maudhi waliyofanyiwa.

Habari za mwezi wa Juni mwaka 2024 bado ni mbichi katika nyoyo za Wakenya, nami nazitaja kwa taadhima ya waliokufa. Kizazi cha vijana kiliusoma Mswada wa Fedha ukurasa kwa ukurasa, kikaufasiri kwa lugha za makabila ili nyanya na babu wauelewe, kikawapigia wabunge simu na kuwauliza watapiga kura gani, na kikatoka barabarani na mabango na chupa za maji, hata serikali tarehe 18 Juni ikaacha baadhi ya mambo yaliyokuwamo, ikiwamo kodi ya asilimia 16 juu ya mkate. Tarehe 25 Juni Bunge likaupitisha mswada kwa kura 195 dhidi ya 106, watu wakaingia ndani ya uzio wa Bunge, sehemu ya jengo ikawashwa moto, polisi wakafyatua risasi za moto, na katika siku na majuma yale makumi ya watu wakapoteza maisha. Siku ya pili yake Rais akatangaza kwamba hatautia mswada ule saini. Katika yote hayo, sioni udhuru wowote kwa risasi iliyompata mtu asiye na silaha, na mwenye kuifyatua ana deni mbele ya sheria hata ipite miaka mingapi. Bali itikadi yangu ni kwamba kilichouangusha mswada ule ni majuma yale ya kusoma na kufasiri na kupiga simu, yaliyomwingiza mpinzani wake katika kila nyumba; na moto ule, awaye yote aliyeuwasha, uliwapa waliofyatua risasi kitu cha kuzungumza badala ya waliouawa.

Wataalamu wawili, Erica Chenoweth na Maria Stephan, walizichunguza harakati 323 za dunia kati ya mwaka 1900 na 2006, na katika kitabu walichokitoa mwaka 2011 wakaonyesha kwamba zile zisizotumia silaha zilifaulu katika takriban asilimia 53, na zile za silaha katika asilimia 26. Sababu wanayoieleza inaingia akilini, maana mama mwenye mtoto mgongoni, mzee wa miaka sabini, na karani anayeogopa kazi yake wanaweza kutembea katika safu ya amani, wala hawawezi kuingia katika vita vya mawe; na askari aliyeamriwa kuwapiga huenda akamwona shangazi yake miongoni mwao.

Basi mkiona kundi la watu msiowajua, wamefunika nyuso, wana rungu au mawe, wakijiingiza katika safu, msipigane nao. Pigeni filimbi, kaeni chini nyote, waacheni wabaki wamesimama peke yao, na wapiga picha wenu wawapige picha kwa utulivu pamoja na magari yaliyowaleta, ikiwa yapo. Ikishindikana, maandamano yavunjwe kwa amri ya wasimamizi, watu warudi kwa njia mliyokubaliana, na mtangaze siku nyingine. Kuahirisha kwa hiari yenu ni bora kuliko kuipoteza kadhia yenu kwa dakika kumi za fujo ambazo hamkuzianzisha.

Kukamatwa kunaweza kumpata hata aliyefuata kila kanuni. Kila mtu aandike kwa kalamu ya wino mkononi mwake, juu ya kiwiko, nambari ya simu ya wakili au ya mtu aliyebaki nyumbani, kwani simu hunyang'anywa na karatasi hupotea. Mtu huyo wa nyumbani awe na orodha ya waliotoka, dawa wanazotumia, na jamaa wa kupigiwa, na orodha ikae kwake, isizunguke barabarani. Ukikamatwa usipige wala usikimbie. Sema jina lako, uliza sababu, na jua ya kuwa kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kuambiwa sababu hiyo kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kusema na wakili, na kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa pale ambapo saa hizo zinaishia wakati mahakama imefungwa. Wenzako walioko nje na wafike kituoni kwa utulivu, wachache kwa zamu, wakiuliza kwa jina na kuandika majibu, mpaka mtu wao aonekane.

Si kila mwenye uchungu ana miguu ya kuandamana, wala si kila jambo huhitaji barabara. Watu wa Lamu walipoambiwa kwamba kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kitajengwa katika ardhi yao, wavuvi, mafundi wa majahazi, wanawake na wazee waliungana chini ya muungano wa Save Lamu. Wakaandamana, ndiyo, lakini pia walikaa katika mikutano ya kuchosha, wakasoma ripoti nene za mazingira, wakatia sahihi, wakakata rufaa katika Baraza la Taifa la Mazingira, nalo tarehe 26 Juni mwaka 2019 likaifuta leseni ya kituo hicho kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Aliye dhaifu na achukue kalamu, mwenye gari achukue maji, mwenye sauti nzuri asome ombi mbele ya watu, na mwenye kazi ya serikali asiyeweza kuonekana afasiri ripoti usiku. Watoto wadogo msiwalete mstari wa mbele kwa ajili ya picha. Hilo naliona ni kosa hata kama picha itapendeza.

Kwa wakuu wa polisi na wa serikali watakaosoma haya, nina neno fupi. Mnapopokea taarifa, mpeni mwenye kuileta jina la afisa mtakayemtuma siku hiyo, akutane na wasimamizi kabla, waitembee njia pamoja, na wapeane nambari za simu. Tumeni wajumbe wenye cheo cha kulipokea ombi na kulitia sahihi ya kupokelewa, wasiwe makarani wasioweza kuahidi kitu. Mtu aliyepokelewa ombi lake kwa staha hurudi nyumbani akiwa amechoka miguu tu.

Na mkirudi nyumbani, nyinyi mlioandamana, kazi haijaisha, nayo kwa hakika ndiyo sehemu ambayo wengi huiacha. Jioni ile ile hesabuni watu safu kwa safu mpaka kila mmoja apatikane, okoteni chupa na mabango katika njia mliyopita, na wasimamizi wakae waandike mliyoyaona wakati bado yamo katika kumbukumbu. Watazameni waliojeruhiwa, mchange nauli na gharama za dawa, mwapeleke wakapewe fomu ya polisi na karatasi ya daktari. Siku ya jibu mliyoiandika katika ombi ikifika, nendeni watatu ofisini na nakala yenye muhuri, muulize faili limo mezani kwa nani, muandike jina lake na siku aliyoahidi, na mrudi siku hiyo. Akiwapeni siku nyingine, iandikeni nayo, mrudi. Mkikosa jibu ofisini, kifungu cha 119 cha Katiba kinawapa haki ya kulipeleka ombi lenu Bungeni, na daftari lenu la jalada jeusi, pamoja na barua na mihuri yake, litakuwa tayari ni nusu ya ombi hilo. Na kila mwezi wapelekeeni walioandamana pamoja nanyi habari ya hatua iliyofikiwa, hata pale ambapo hatua yenyewe ni kwamba mmeambiwa mngoje.